Finjani na Kikombe cha Bati

Arua, Jumatatu

Baba Ramadhani,

Assalamu alaykum. Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mguu wako unaendeleaje? Na mihogo kule Lobule mmeipalilia, au mmekaa tu? Mimi ni mzima, ila macho yanatoa maji nikiandika.

Mwanao yuko hai. Soma tena: Ramadhani yuko hai. Unajua tangu aanguke kwenye lori hana fahamu, hamezi hata mate. Hospitali walimrudisha nyumbani na mpira puani, uji unapita humo mpaka tumboni. Nesi alituambia vikombe sita kwa siku, uji wa maziwa, mayai na mafuta. Tukafanya hivyo. Lakini mtoto alikonda mpaka mbavu zikatoka nje, kidonda kikafunguka mgongoni, ndipo nikakuandikia ile barua ya kilio, kwamba anatutoka.

Siku chache baadaye nesi alikuja kubadilisha mpira. Akanikuta na kile kifinjani kidogo cha kahawa mkononi, nampimia mgonjwa uji. Akauliza, "Mama, kikombe yenu ni hii?" Nikamwambia katika nyumba hii tunanywea hiyo. Akashika kichwa. Akaingia jikoni, akarudi na kikombe kikubwa cha bati, kile cha chai cha Ramadhani mwenyewe.

"Kikombe iko hii, Mama."

Akasema mtu aliyelala halimi, lakini moyo unapiga, anapumua, kidonda kinataka nyama mpya, na vyote hivyo vinakula. Nguvu ya chakula yeye anaiita kalori. Mimi nilielewa bila hilo neno: tulikuwa tunamuua kwa njaa.

Hawa, mke wake, alikuwa ameniuliza siku ya kwanza kama finjani inatosha. Nilimfokea. Mtu amelala tu, haendeshi lori, atapeleka wapi chakula chote hicho? Haya, hilo naliandika mara moja, na usilisome mbele ya watu.

Nesi alikataza kumjaza kwa siku moja. Tuliongeza kidogo kidogo, kichwa tumekiinua kwa mito, na sasa anafikisha vikombe sita vya bati. Wajukuu wako wanagombania kukoroga uji. Mashavu yamerudi, kidonda kinafunga. Jana nilimwita jina lake, akanifinya kidole. Akanifinya kweli, kwa nguvu. Nililia, na hilo pia usilisome.

Binti yetu Amina atume samli na karanga za kusaga, asiniletee maneno kwamba hazipatikani. Kaka yangu wa Midia mwambie aache kulia barabarani kama mtoto. Mke mwenzangu msalimie sana, na kuku wangu nawajua mmoja mmoja.

Ile sanda uliyompa dereva wa Oraba imefika. Kitambaa kizuri. Nimeikata vipande, tunachujia uji wa mwanao. Usitume nyingine.

Mkeo,
Mama Ramadhani