Nilipopiga Magoti Nyuma ya Kaunta

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Ijuganyondo. Naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu hapa nyumbani kila ninayemuuliza ana jibu lake na mimi nabaki katikati. Mimi ni msichana niliyemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na ninalelewa na bibi yangu, Ma Serafina, ambaye amenifundisha mambo mengi mazuri, na la kwanza kabisa ni kwamba mtoto wa kike wa Kihaya hamsalimii mzee akiwa amesimama, anapiga magoti kwanza ndipo anafungua mdomo, na mimi nimefanya hivyo tangu utotoni wala sijawahi kuona ni mzigo.

Wiki iliyopita nilipata siku ya majaribio kwenye duka la Bi Nuriat, mjini Bukoba, anauza vitenge, mashuka, vyandarua na vyombo vya nyumbani, na anatafuta msichana mmoja wa kudumu. Mshauri, naitamani sana kazi hii, na si kwa ajili ya mshahara peke yake, natamani kuwa kama Yuster, dada anayeuza pale, maana sijawahi kuona mtu anafanya kazi vizuri namna ile, anapima kitenge huku anamjibu mteja mwingine, mkasi wake unapita kwenye nguo bila kuyumba, na mama mmoja alipomwambia, "Nataka cha harusi lakini kisipige kelele," yeye alipandisha mkono kwenye gora moja tu na yule mama akasema ndicho hicho. Bi Nuriat naye hapazi sauti, akiona umekosea anakuja kusimama karibu yako na kukunja nguo pamoja nawe mpaka unaelewa.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Halafu akaingia Ta Mushumbusi, mzee wa Kanazi anayefahamiana na bibi tangu zamani, na mimi nikapiga magoti palepale nilipokuwa, nyuma ya kaunta, nikaanza kumsalimia kwa Kihaya, habari za nyumbani, za mke, za migomba, za kahawa, kama nilivyofundishwa, bila kukatisha. Kumbe ile kaunta imenizidi, imenifunika mpaka utosi. Mzee anasikia sauti haoni mtu, anaitikia huku akiyaangalia mashuka. Na kulikuwa na mteja mwingine, kaka Mhoja, mfanyabiashara wa samaki kutoka visiwa vya Muleba, ana haraka ya gari, na chandarua chake nilikuwa nimekishika mkononi nimeshuka nacho chini. Akagonga kaunta akasema kwa nguvu, "Jamani, muuzaji amezama! Nirushe kamba?" Mtu mwingine akadakia, "Mwache, anafuata sangara." Duka zima likacheka, na nilipoinuka Yuster alikuwa ameshampa chandarua kingine na kaka wa watu ameshatoka.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Niliendelea tu na kazi, nikamuuliza Ta Mushumbusi shuka ni la nani, akasema mke wake anatoka hospitali, nikamtafutia lililo laini zaidi, akachukua na blanketi, akasema Jumamosi atamleta mkewe achague kitenge na anataka nimhudumie mimi, basi.

Jioni Bi Nuriat aliniambia, "Mwanangu, adabu yako nimeipenda. Lakini mteja dukani anataka kukuona. Njoo tena Jumamosi, nione utafanyaje." Yuster akaninong'oneza, "Mdogo wangu, salimia kwa mdomo tu. Nyumbani napiga magoti kama wewe, ila hapa miguu iko kazini." Nilipomweleza bibi alikuwa anamenya ndizi, akaacha kumenya akasema, "Leo utamsalimia Ta Mushumbusi umesimama kama nguzo ya umeme, kesho utanisalimia mimi hivyohivyo." Sasa nikipiga magoti nitakosa kazi, nisipopiga habari zitamfikia bibi, na bibi ndiye mama na ndiye baba yangu. Tena nawaza labda Bi Nuriat ameniita tena kwa kunihurumia tu. Nifanyeje?

Wako mtiifu,
Msichana wa Ijuganyondo

JIBU LA MSHAURI

Binti yangu, kwanza nicheke kidogo, maana nami nimezaliwa Muleba na nimepiga magoti mbele ya mashangazi wengi hadi goti la kushoto sasa linanidai. Aibu yako naielewa. Ila nitakugombeza.

Umejaza karatasi kwa sifa za Yuster, mkasi wake na mkono wake, ukafanya vizuri, maana anayejua kumsifu mwenzake kazini atajifunza haraka. Lakini habari yako mwenyewe umeipitisha mbio na kuifunga kwa "basi". Basi nini? Mzee aliingia kutafuta shuka, ukamuuliza ni la nani, ukajua kuna mgonjwa, ukamchagulia lililo laini, akaondoka na blanketi juu yake na ahadi ya kurudi na mkewe. Nani alikufundisha hilo siku ya kwanza? Mwenye duka hamwiti mtu mara ya pili kwa huruma, binti. Kwa huruma angekupa chai na nauli ya kurudi Ijuganyondo.

Sasa soma tena maneno ya Bi Nuriat. Hakusema usipige magoti. Alisema mteja anataka kukuona. Na bibi yako hakusema upige magoti nyuma ya kaunta. Hao wawili hawajagombana popote, ugomvi umeutengeneza wewe kichwani. Tunapiga magoti ili mzee aone kwamba tumemheshimu. Ta Mushumbusi hakuona kitu. Siku ile uliyaheshimu maboksi ya chini ya kaunta.

Kosa lako kubwa ni Mhoja. Ulishuka na mali yake mkononi, akasubiri, akaondoka bila hata kuambiwa samahani. Bibi aliyekulea vizuri namna hiyo hakukufundisha kumwacha mgeni amesimama. Akirudi, mwambie, "Kaka, siku ile nilikuchelewesha, nisamehe." Atakutania tena. Cheka naye, umhudumie.

Fanya hivi. Leo jioni vuta meza katikati ya chumba, mkalishe bibi upande mmoja, wewe nenda upande wa pili, piga magoti umsalimie. Kisha muulize, "Bibi, unaniona?" Usimbishie, usimhubirie, mwache aangalie mwenyewe. Halafu muulize yeye angefanyaje kama ni yeye anauza. Wanawake wa umri wake wameuza ndizi na kahawa sokoni maisha yao yote. Usidhani hajui mteja mwenye haraka akoje. Na lolote mtakalokubaliana, usimfiche kitu.

Jumamosi, mzee akiingia nawe unamhudumia mtu mwingine, inamisha kichwa na useme kwa neno letu la heshima la Kihaya, "Karibu waitu, namalizia hapa nakuja." Malizia kweli. Kisha zunguka utoke mbele, mfikie alipo, piga goti, salamu fupi, msogezee kiti. Habari za migomba mtaulizana huku mikono yako inafungua kitenge. Kumpa kitu, tumia mikono miwili. Na kabla duka halijajaa, mwombe Bi Nuriat ruhusa ya kutoka nje ya kaunta. Mwambie ni kwa wazee tu. Atafurahi kuulizwa kuliko kushtukizwa.

Mke wa Ta Mushumbusi atakuwa ametoka kuugua. Usimlundikie vitenge. Chagua vichache, mletee alipokaa, umwekee mapajani avishike. Akichoka, mwambie arudi siku nyingine, hata kama Bi Nuriat anakutazama. Hasa kama anakutazama.