Wifi Yangu na Faili Langu

Shoga, uko? Nimetoka hospitali sasa hivi.

Unakumbuka mama mkwe alivyonipa pole ya kizazi? Pole, shoga! Kabla hata daktari hajanipa majibu yangu!

Basi leo nimemwendea mkuu wa kumbukumbu, nikamwuliza ni akina nani wamefungua faili langu. Kumbe kompyuta inaandika jina la kila anayelifungua, na saa. Daktari. Mtu wa maabara. Halafu wifi yangu!

Mara tatu!

Wifi kazi yake pale hospitali ni kusajili wagonjwa wa macho. Macho na kizazi changu, wapi na wapi?

Mara tatu, shoga, kwa neno lake mwenyewe la siri.

Mkuu akaanza, "Dada, tunaweza kuyamaliza kimyakimya..." Nikamkata kauli, nipe karatasi. Nimeandika malalamiko kurasa mbili na sahihi chini. Akamwita wifi hapohapo, kamsimamisha kazi.

Hata getini sijafika, wifi huyo kwenye simu, kilio: "Wifi jamani, nani kakuambia ni mimi?"

Nikamjibu kwa upole kabisa, "Pole, mpenzi. Hiyo ni siri ya hospitali."