Vitalu Juu ya Nguzo

Jumatatu, 3 Machi

Ramani imerudi. Mhandisi ameipiga kalamu nyekundu: paa halitabeba bustani. Nimekasirika saa nzima, kisha nikarudia hesabu. Yuko sahihi — nilipima udongo mkavu. Ukishiba maji ni mzigo mwingine kabisa! Miaka kumi na minne nachora majengo, nakosea kosa la mwanafunzi.

Bustani siiachi lakini. Malori yanapita kando ya jengo lile la wapangaji kutwa. Shangazi anakaa ghorofa ya pili. Akifuta meza asubuhi, adhuhuri kitambaa kinatoka cheusi tena. Dawa ya pumu haitoki mfukoni mwake.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Vitalu vyote, kila mpangaji na chake, vikae pale paa linaposhikwa na nguzo za jengo, katikati ibaki njia ya kupita tu. Upande wa barabara, mimea itambae ukutani toka chini hadi juu, inase vumbi kabla halijafika madirishani. Mhandisi ameangalia, akaguna, akasema tujaribu.

Shangazi naye kaomba kuona mchoro. Kalalamika kwamba kitalu chake ni kidogo kuliko cha jirani. Nimemweleza nguzo iliyo chini ya kitalu chake ni nyembamba. Amenuna.

Jumamosi, 8 Machi

Udongo umepanda wote. Wapangaji wamepokezana ndoo ngazini tangu asubuhi. Mgongo wangu — basi tu.

Jumatatu, 10 Machi

Jaribio. Tumejaza vitalu maji mpaka yakamwagika, na yatakaa hivyo siku tatu. Mhandisi amefunga kipimo darini, ghorofa ya juu. Dari ikishuka zaidi ya milimita tano, kila kitu kinateremshwa. Jioni: milimita moja. Sina wasiwasi. Kidogo tu.

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne asubuhi, nimekaa juu ya ndoo, paani. Milimita mbili, tangu jana haijasogea. Ufa hakuna.

Fomu ya kibali iko mkononi mwa mhandisi. Hajatia saini. Anasoma kipimo mara ya tatu, anauliza itakuwaje mvua ya wiki nzima ikinyesha. Nimemjibu vitalu vimeshiba, maji ya ziada yanatoka kwa bomba.

"Unajiamini sana, dada."

"Nimehesabu mara nne, kaka. Hesabu na wewe."

Anahesabu.

Sasa nasikia miguu ngazini. Wapangaji! Nani kawaambia waje? Shangazi yuko mbele, anapumzika kila ngazi chache, kopo la miche kifuani. Nyuma yake wengine saba, kila mtu na kopo lake. Mhandisi amesimama katikati ya mlango wa paa, kalamu bado haina kifuniko. Anawatazama. Anaitazama fomu.

Amesogea pembeni, wapite.