Ctrl Chini ya Dole Gumba

Ouma rafiki yangu,

Huko uliko nadhani hakuna anayekusumbua na maswali ya kompyuta, kwa hiyo tulia unisikilize. Baada ya mazishi, wazee walipogawa vitu vyako, laptop alipewa Achieng, mdogo wako wa mwisho. Anaanza masomo Chuo Kikuu cha Maseno. Juzi akanipigia simu karibu kulia: "Auma, hii laptop ya Ouma iko na shida. Nikitaka kukopi kitu inakataa. Fundi wa town anasema kibodi ni ya kutupa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Achieng angejuaje? Boda boda iliponiangusha Kondele, kidole changu kidogo cha kushoto kilibaki kigumu, na hicho ndicho kinachobonyeza Ctrl. Katika editor yetu, ile programu tunayoandikia kodi, kila kitu hupitia Ctrl: kuhifadhi, kutafuta, kukata mstari. Nilikuwa nimeshaamua kuacha kuandika programu nikauze mitumba soko la Kibuye. Wewe ukaja na soda mbili. "Wacha kulia, Auma. Dole gumba iko tu hapo, haina kazi." Ukaandika mstari mmoja wa kubadilisha nafasi za Ctrl na Alt, ukauweka kwenye laptop yangu mahali ambapo Linux itausoma kila ninapoiwasha. Ctrl ikahamia kando ya kitufe cha spesi, chini ya dole gumba.

Wiki hiyo nilikuwa nikibonyeza ovyo, na wewe ukinicheka bila huruma. Kisha ukaibadilisha hata laptop yako vivyo hivyo, wewe mwenye vidole kumi vizima! Nilipokuuliza mbona unajitafutia taabu, ulijibu, "Sasa utatumia yangu ukitaka. Na ukikwama, mikono yangu itajua penye umekwama."

Basi nilienda kwa Achieng, nikafungua faili la mipangilio, nikaukuta mstari wako. Mkono ulikataa. Niliona kama nakuzika mara ya pili, na nilitamani kumwambia azoee tu. Lakini mtoto ana masomo, na vidole vyake ni vizima. Nikaufuta. Tulipoiwasha upya akakopi aya yake ya kwanza, akaruka, "Imepona!"

Ndipo nikamweleza kwa nini ilikuwa hivyo. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaushika muda mrefu.

Asante, Ouma. Nilipoumia, watu wengi walinipa pole, na nilizipokea. Wewe ulinipa pole halafu ukaisumbua mikono yako kwa ajili yangu. Kazi bado ninayo. Nakukumbuka mno, hasa mashine inaponigomea na sina wa kumwita.

Nakuahidi hivi: yeyote atakayenijia na mkono unaouma, sitamwandikia mstari nikaenda zangu. Nitaketi kando yake mpaka azoee.

Lala salama. Oriti, omera; kwaheri, ndugu yangu.

Auma