Safari ya Busisi Kumzika Mtani

Jumatano, 10 Septemba 2025

Damiani amekufa.

Mwanawe Gabrieli kapiga simu asubuhi, nafunga mbuzi. Shikamoo baba, mzee ametutoka usiku. Nikamwambia acha uongo wewe, Msukuma hafi kabla ya kula. Halafu nikasikia watu wanalia nyuma yake.

Nikakaa chini. Mbuzi kaenda zake na kamba.

Msukuma wangu! Tulikutana Sekenke, vijana wote wawili, tunachimba dhahabu shimo moja, tunatukanana kutwa. Mnyiramba na Msukuma ni watani, hata mtoto anajua. Tukaahidiana humo humo shimoni: atakayetangulia, mwenzake aende akafanye utani wote, asiache kitu. Amwigize marehemu, alale kaburini kabla ya jeneza, watu washike mbavu. Anayezikwa bila kicheko kazikwa kama mpita njia — maneno yake hayo.

Sasa zamu yangu. Mazishi Jumamosi, Sengerema.

Alhamisi, 11 Septemba

Faith kaja toka Singida mjini na kigari chake. Binti yangu wa mwisho, mwalimu, ameokoka. Kanikuta mbele ya kioo najaribu matusi. Baba, anasema, misiba ya siku hizi ina padri na maiki, usiende kutuaibisha. Nikamwambia mtani haaibishi msiba, mtani ndiye msiba wenyewe. Katikisa kichwa kama marehemu mama yake.

Ukweli? Matusi hayaji. Jioni nzima natafuta hata moja zuri. Enyi wala michembe ya viazi. Mnaolala na ng'ombe. Ya zamani yote, yamechuja. Kumbe yalikuwa matamu kwa sababu yeye alikuwa anajibu.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumetoka nyumbani Misigiri alfajiri. Jogoo nimemficha kwenye kapu, juu yake sweta. Faith hataki mnyama garini. Sasa mtu wa Singida aende Usukumani bila kuku? Si watanizika mimi!

Tukiteremka Sekenke nikamwonyesha upande yalikokuwa mashimo yetu. Akasema mmh, macho barabarani. Sawa. Kona zile si za kutazama mashimo.

Wembere kukavu, ng'ombe na vumbi. Igunga chai na chapati. Nzega nilisinzia. Shinyanga jogoo kawika! Faith kafunga breki — Baba! Nikasema simu yangu hiyo. Akawika tena. Faith akacheka mpaka akaegemea usukani. Kisha akakumbuka tunakokwenda, akanyamaza ghafla. Nikaumia kumwona ananyamaza.

Usagara tukakata kushoto. Halafu daraja.

Zamani pale Kigongo palikuwa pa kusubiri pantoni. Nimesubiri na Damiani mara nyingi, juani, tunakula samaki wa kukaanga, naye anawatangazia watu kuwa Wanyiramba tunaogopa maji, tunaoga vumbi kama kuku. Foleni nzima hoi, hata askari! Mwezi wa sita daraja lilipofunguliwa alilivuka kwa miguu. Akanipigia akiwa katikati, anahema: sikia upepo huo, wewe wa kiziwa cha chumvi! Sisi ziwa tumelifunga mkanda! Nikamwambia pumua, Msukuma, ukifia hapo nani atakubeba na tumbo hilo.

Nikamwambia Faith nenda polepole. Kilometa tatu! Maji kushoto, maji kulia, nyaya nene zinapita dirishani moja moja. Nilikuwa nimepanga hapa ndipo nifanye mazoezi, kwa sauti, ili mtoto azoee. Nikashusha kioo, nikafungua mdomo. Upepo ukaingia. Hakuna kilichotoka. Nikafungua tena. Faith akadhani nataka kutapika. Hapa hawaruhusu kusimama, Baba, vumilia kidogo. Nikavumilia.

Chini pantoni imeegeshwa, haina mtu.

Haraka mno! Nimefunga mdomo, tuko Busisi. Mimi nilitegemea foleni. Nikae juani, ninunue samaki, nijipange. Daraja halikupi nafasi hiyo. Linakufikisha msibani hujawa tayari.

Sengerema. Turubai, viti vya plastiki, maiki kweli. Mtu akapaza sauti: mtani huyo! Mnyiramba kafika! Wakageuka wote, wanatabasamu tayari. Nikapiga magoti kwenye vumbi, jogoo kwapani, nikalia. Nililia kweli — kamasi, sauti, kila kitu.

Wakacheka.

Wakapiga na makofi! Mama mmoja akasema huyu anamwezea, hivyo hivyo Damiani alivyolia fahali wake alipokufa. Nikazidi kulia, wakazidi kucheka. Nikasema jamani, nalia kweli. Basi hapo ndipo walipoanguka kabisa.

Miaka yote hii nimewazoesha. Leo nani aniamini?

Faith alikuja akanishika mkono. Hakucheka. Akanipangusa uso na khanga yake, mbele za watu. Twende ukae, Baba.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nyuma ya jiko, nimekalia ndoo. Ibada inaendelea. Padri hana haraka.

Luciana, mjane wake, alinifuata huku kabla hawajaanza. Kaniletea koti la Damiani. Vaa, mtani. Nikamwambia Luciana, sina neno, hata moja. Akasema jana nilikuona. Najua hukuwa unatania. Lakini watu hawa wamelia wamechoka, na mimi nimechoka, mtani. Wewe utalia kwenu. Leo nichekeshe, nimsindikize.

Nikavaa. Linanifika magotini. Faith ndiye kanifunga vifungo, mwenyewe, sikumwomba. Kisha kauliza polepole: alikuwa anaburuta mguu upi, Baba? Wa kushoto, nikasema. Akarudi nyuma kunitazama. Haya, tuone.

Nikajaribu hatua mbili, tatu. Tumbo mbele, mguu nyuma. Wapishi wakaziba midomo, mmoja kaangusha mwiko. Luciana aliangalia, akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Sijui anacheka, sijui analia. Sikuthubutu kuuliza.

Kaburi nimelichungulia. Wamelichimba refu, hawa wala viazi. Kuingia nitaingia. Nimeahidi. Kulala nitalala, nitajinyoosha kama yeye alivyokuwa anajinyoosha baada ya ugali. Kutoka ndiko sijui. Nikibaki nimelala humo, nimeshindwa kuinuka, watacheka tu! Watapiga makofi, wataita wengine waje waone. Nimemwambia Faith akae karibu, upande wa miguu. Akinyoosha mkono nitajua ni yeye.

Kengele. Jeneza linatoka. Gabrieli anaita — mtani! Mtani yuko wapi? Naja, mwanangu. Daftari naliweka mfukoni mwa koti lake, mfuko wangu uko chini ya koti, haufikiki.