Harusi Niliyoipa Mgongo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kadude kamefika leo. Keusi, kadogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kana kaskrini kake, pahali pa kuingiza memori kadi, na waya tatu — njano, nyekundu, nyeupe. Hakataki kompyuta. Unakaunganisha na deki ya video, unabonyeza REC, kaseti inavyocheza ndivyo inavyoingia kwa kadi. Muuzaji alisema hata mtoto anaweza.

Mimi Gedion, fundi wa redio na TV hapa Sultan Hamud miaka karibu thelathini, nimemaliza saa nzima nikitafuta pa kuwashia. Kumbe ni kubonyeza na kushikilia! Nduku, mke wangu, ndiye ameona, akipita na ndoo. Ametabasamu tu, na hiyo ni mbaya kuliko kunicheka.

Yote ni sababu ya shemeji Kimeu. Jumamosi tarehe 16 huko kwao Ikutha kuna ibada ya shukrani ya baba yao, Mzee Mulei. Miaka ishirini tangu tumzike. Wanataka wajukuu wasikie sauti yake, maana wengi walizaliwa hayuko. Na sauti hiyo iko pahali pamoja tu duniani: kaseti ya harusi yetu mimi na Nduku, 1999, Mzee alipotubariki. Hakuna aliyewahi kuitazama. Wakati huo stima Ikutha ilikuwa hadithi, na stima ilipofika, deki zilikuwa zimekwisha. Kaseti imelala kwa sanduku la bati la mama mkwe mpaka leo.

Nikamwambia Kimeu, hiyo ni kazi ndogo. Mdomo wangu!

Jumanne, 5 Agosti

Kaseti imeletwa, imefungwa kwa leso kama mtoto. Ina ukungu mweupe kwa ukingo. Haifurahishi.

Imekuja na ujumbe wa mama mkwe, kupitia kwa Nduku. Kila kitu chake hupitia kwa Nduku. Kwetu mtu na mama wa mke wake hawatazamani, hawali pamoja, hawapigi gumzo. Ndiyo nthoni, ile aibu ya heshima. Siku hizi vijana wanapiga selfie na mama wakwe hapo hapo kanisani. Yeye hapana. Miaka ishirini na sita hajaniambia hata neno moja uso kwa uso. Akiniona sokoni anaingia duka lililo karibu, lolote lile. Mwaka juzi aliingia kwa kinyozi.

Ujumbe wenyewe, na Baba Muthoki ni mimi: “Mwambie Baba Muthoki kwa hiyo kaseti nimecheza ngoma. Asinitazame.”

Asi! Nirekodi harusi yangu mwenyewe bila kuitazama?

Nduku anasema si vigumu, hata siku ya harusi nilikuwa nimefumba macho kwa uoga.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia Abubakar wa Kitui mjini, yeye ndiye alitupiga video. Siku hizi anauza mapazia. Amenieleza: safisha kichwa cha deki, kile kinachosoma utepe, na spirit na kitambaa laini, na ukungu ukiwa mwingi usiicheze kaseti zaidi ya mara mbili tatu, itajikwangua iishe. Nikamwambia ile shida ya mama mkwe. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena aliuliza kama anitumie pazia la TV.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Hawakuwa wameoa Ikutha.

Basi nimeanza saa nne. Nimeunganisha, nimebonyeza REC, nimeweka kiti, nimeipa TV mgongo. Nikawa nasikiliza tu. Kwaya. Vigelegele. Ng'ombe wa mtu. Kaseti haina haraka — saa mbili ni saa mbili, huwezi kuisukuma.

Halafu kimya. Nikajua ni maombi. Mchungaji wetu wa enzi hizo alikuwa na maombi marefu, na mimi ni mtu wa kanisa, nikainamisha kichwa. Nikangoja Amina. Nikangoja. Hata nadhani nilisinzia kidogo.

Nduku ameingia na chai akauliza kwa nini naiombea TV.

Kichwa cha deki kilikuwa kimeziba na ukungu. Kadude kamerekodi dakika arobaini na moja za rangi ya buluu tupu, bila picha wala sauti. Safi kabisa, hata hazina mkwaruzo. Nduku amekaa chini sakafuni akicheka. Mimi sijacheka. Hiyo imekuwa mara moja, na tuna mara mbili tatu tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekisafisha tena kichwa cha deki, na leo Nduku amekuwa macho yangu. Nimefunika TV na leso, yeye anachungulia chini yake na kunisimulia. Mimi nimeshika waya, mgongo uko pale pale.

“Sasa unaingia kanisani. Wuui, hilo koti!”

Koti lilikuwa la kuazima. Nilimwambia hilo tangu miaka hiyo.

“Nilijua ni la kuazima. Sikujua lilikuwa la watu wawili.”

“Sasa mama anacheza. Usigeuke.” Sijageuka. “Anacheza vizuri.” Sijageuka! “Shingo yako inageuka, Gedion.”

Tumecheka hivyo mpaka Mzee Mulei akasimama kubariki. Nduku akasema, huyo hapo baba, amevaa ile kofia. Mimi nikasikia ngurumo. Ni jenereta! Abubakar alisimama karibu nayo, inanguruma kama posho mill ya kusaga unga, na ndani yake sauti ya mtu kidogo sana, huwezi kushika hata neno. Nimesafisha waya. Nimebadilisha nyekundu na nyeupe. Bure. Haiko kwa waya, iko kwa kaseti yenyewe, imekuwa hivyo tangu 1999.

Nduku amesogea karibu na TV. Nikamuuliza unaona nini. Akasema, “Naona mdomo wake.” Halafu akaanza kulia, na mimi nimekaa hapo na mgongo wangu mjinga.

Hakuna aliyezima. Tukaiacha icheze tu. Baada ya kitambo Nduku akapangusa macho akasema, ajabu, kamera imewekwa chini. Naona sufuria. Naona miguu. Na jenereta imezima, nadhani petroli iliisha.

Ni jikoni. Abubakar alienda kula akasahau kuzima kamera. Na hapo sauti zikaja safi, kana kwamba wako nasi chumbani.

Ya kwanza ni ya mama mkwe. “Fundi wa redio! Atamlisha nini, waya? Mvua ya Novemba haifiki kabla Nduku hajarudi hapa na masanduku yake.”

Halafu Mzee akacheka. Kicheko cha kutoka tumboni, kinaishia kwa kikohozi. Nduku alinishika bega. Nilikuwa nimekisahau hicho kicheko!

Mzee akasema: redio yangu ilikufa juzi, huyo kijana alikaa nayo tangu chai ya asubuhi mpaka jioni. Hakuipiga kofi hata moja. Wewe unaipiga mara ngapi kwa siku? Mtu anayeweza kuvumilia redio yangu atamvumilia Nduku.

“Ati kunivumilia?” Nduku akasema, bado ana machozi.

Mzee akaendelea. “Huko nje nimewabariki na mic. Hapa jikoni nawabariki tena. Mungu awape amani na watoto, na wewe mke wangu akupunguzie mdomo.” Mwiko ukagonga sufuria. Mama mkwe akamwambia atoke jikoni, lakini naye alikuwa anacheka. Halafu mtu akachukua kamera na kaseti ikakatika. Nimetoa kaseti, utepe umekunjamana na kupasuka upande. Haitacheza tena.

Lakini ile sehemu ya jikoni iko kwa kadi. Dakika mbili na sekunde kumi.

Jumapili, 10 Agosti

Mahubiri yalikuwa ya kusamehe. Sikuyasikia vizuri, nilikuwa na Novemba kichwani.

Kimeu amepiga simu. Amekodi skrini kubwa, amewaambia watu wote mpaka Mutomo. Baraka umepata? Nikasema nimepata. Zinasikika? Nikasema zinasikika sana.

Shida ni hii. Nikiicheza yote, Ikutha nzima itamsikia mama mkwe akinisema, naye ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nikikata maneno yake, Mzee atabaki anabishana na sufuria. Nduku amejaribu kuikata kwa kichwa chake, kila njia. Ukitoa mama, kicheko kinabaki bila sababu, na zile baraka zinakuwa kama mzee anaongea peke yake. Kumwambia Kimeu hakuna kitu, pia siwezi. Wajukuu wamengoja.

Na mimi je? Nitaandika hapa kwa sababu nyuma ya daftari hii ya wateja hakuna anayesoma. Imeniuma. Mtu wa miaka hamsini na tatu, nimelea watoto wanne kwa hizo waya, na bado imeniuma. Miaka yote nilidhani ananikwepa kwa heshima. Nilijisifu hata kwa watu — mama mkwe wangu anashika mila! Sasa sijui. Labda haikuwa nthoni. Labda hakunitaka tu, na mila ikamsaidia.

Mzee naye alinitaka. Hilo pia sikulijua. Nimemwomba Nduku aniwekee hicho kicheko mara tano.

Jumanne, 12 Agosti

Nduku amemwambia mama yake. Mimi siwezi, hata salamu zangu huwa zinabebwa. Alienda kuongea nyuma ya nyumba, nikamwona akitembea huku na huku na simu. Alimweleza yote, jikoni, waya, Novemba. Nikamuuliza mama amesema nini.

“Alinyamaza mpaka nikadhani airtime imeisha.”

“Halafu?”

“Aliuliza kama wewe umesikia.”

“Ukasema?”

“Nilisema ulikuwa umegeuza mgongo.” Aiii, Nduku! “Akasema masikio hayako mgongoni.”

Halafu mama mkwe akasema atakuja mwenyewe, asikie kabla ya watu. Atakuja hapa! Hajawahi kukanyaga kwangu. Wakati watoto walizaliwa, alimwita Nduku kwao badala ya kuja.

Nimemwambia Abubakar atume lile pazia. Hajacheka. Amesema ni la bure, fidia ya kusimama karibu na ile jenereta.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa saba. Pazia liko juu, maua makubwa ya zambarau, sikuulizwa. Limegawa nyumba: sebule na TV upande ule, duka langu upande huu. Kadude kako kwangu kwa kaunta, waya mrefu umepita chini ya pazia mpaka kwa TV. Mimi ndiye nitabonyeza. Kaskrini nimekabandika karatasi.

Saa nane. Amefika! Nimesikia bakora, nimesikia Nduku akisema “karibu mama”. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Mimi niko kimya na bisibisi, najifanya natengeneza pasi ya mtu. Pasi hiyo ilipona jana.

Kimeu amepiga mara mbili. Anataka flash disk yenye video kesho asubuhi, na kama ni ndefu, nimkatie. Sijamjibu. Simu inatetemeka kwa kaunta.

Saa nane na nusu. Nduku amegonga ukuta, ndiyo ishara. Nimebonyeza. Waya, Novemba, masanduku, yote yametoka nikisikia, na yeye akinisikia nikisikia. Nilitaka kuingia chini ya kaunta. Halafu kicheko. Halafu baraka. Halafu mwiko.

Kimya. Kirefu kuliko yale maombi ya buluu.

Nduku amesema kwa sauti ya kubeba ujumbe: “Anasema urudishe.” Nimerudisha. Nimerudisha tena. Mara ya tatu nimesikia mtu akipenga kamasi, sijui ni nani kati yao.

Nduku amechungulia kwangu. Macho mekundu. Nikamuuliza kwa mkono: tukate? Akainua mabega. Ati mama hajasema kitu kuhusu Jumamosi, amesema tu kwamba Mzee alikuwa na kikohozi hicho tangu ujana. Sasa ana kiu, lakini chai ya nyumba ya mkwe hanywi. Nduku ameenda kuomba thermos ya chai kwa jirani.

Saa tisa na robo. Tuko wawili tu, mimi na mama mkwe. Pazia katikati. Naandika ili mikono iwe na kazi. Namsikia akisukuma bakora kwa sakafu, kwenda na kurudi.

Amesema kitu. “Rudisha pale anacheka.”

Nikadhani Nduku ameingia. Nimesikiliza, mlango wa nyuma haujafunguka, viatu vya Nduku havisikiki. Nimekohoa, ili ajue ni nani yuko huku, asije akaaibika.

“Najua ni wewe,” amesema. “Rudisha.”

Nimerudisha. Mzee anacheka sasa hivi ninapoandika. Na mimi nimesimama na kalamu — mtu akisemeshwa na mama mkwe, huwa anaitika namna gani?