Taa Yangu, Sifa Zake

Jumatatu, 4 Machi

Bamba langu la taa limewaka! Jeupe, laini, jembamba kama jalada la daftari. Miezi yote ile ya kupanga tabaka la buluu na la rangi ya chungwa ndani ya chemba isiyo na hewa, na leo mianga yake imechanganyika ikatoa weupe wa kweli. Profesa kaja, katazama, kasema vizuri. Vizuri tu! Halafu kamgeukia Bwana Mbio, jirani yangu wa meza, yule wa kurusha data kwa kuwasha na kuzima mwanga haraka haraka, akamwambia: Haya, sasa umepata kitu cha kurushia. Eti kitu!

Jumanne, 5 Machi

Bwana Mbio karusha video kutoka kwenye bamba langu hadi kwenye laptop upande wa pili wa chumba. Bila waya. Makofi, selfi. Mtu wa stoo kauliza nani katengeneza hiyo. Wote wakamwonyesha yeye. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Mimi bado niko juani, na kivulini kakaa mwingine.

Na nimegundua jambo. Mbele ya kipokezi kaweka kioo cha buluu. Ati rangi ya chungwa ni nzito, inachelewa kuzimika, inampunguzia kasi, kwa hiyo anaichuja. Rangi yangu ya chungwa! Bila hiyo hakuna weupe. Nusu ya kazi yangu anaimwaga kama maji ya kuoshea vyombo.

Jumatano, 6 Machi

Mume wangu anasema taa ni taa, nile, nilale.

Alhamisi, 7 Machi

Kesho wageni wafadhili wanakuja kuona kazi zetu, na atakayewapendeza atapewa maabara mpya aiongoze. Mmoja tu. Ni nani, sihitaji kuambiwa.

Nimepita mezani kwake. Kaongeza umeme kupita kiasi nilichomwambia, apate kasi zaidi. Bamba la moto! Na pembeni kuna kidoa cheusi, kama kichwa cha pini. Nakijua. Kikishaanza hakirudi nyuma, kinatambaa. Kwa umeme ule, kesho hiyohiyo bamba litakufa. La akiba liko kabatini kwangu, halijaguswa.

Kaniuliza, dada, mbona unalitazama hivyo, kuna tatizo? Nikasema hapana, linapendeza.

Nina wivu, basi. Nidanganye hata humu?

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nimesimama kwenye korido. Mlango wa ukumbi uko wazi, naona kila kitu. Video inacheza, wageni wameduwaa. Doa limefikia ukubwa wa kifungo cha shati — hawajaliona.

Mkuu wa wageni, mama mmoja mwenye miwani, kamuuliza Bwana Mbio: haya yote umefanya peke yako? Roho juu. Kasema hapana, mama, mimi narusha tu. Bila dada yangu yule pale hakuna taa wala data. Hiyo maabara mngempa yeye.

Ana wazimu? Nani kamtuma!

Ukumbi mzima umegeukia mlangoni. Doa la pili limetokea. Profesa ananipungia mkono, njoo, njoo bwana, usione haya, simama hapa karibu na bamba lako —